Uyoga wa Ijumaa

Jeddah, Januari

Dada yangu Risper,

Pokea salamu za ndugu yako aliye mbali. Natumaini hamjambo, na goti la mama limepoa. Mimi ni mzima, ila nikikaa dakika tano nainuka tena. Barua hii anakuletea Beverly anayerudi Kenya, maana kwenye simu nimekudanganya.

Tangu kampuni itutoe Riyadh, ambako tulisafisha ofisi pale Olaya, mimi na mumeo Josphat tunakata nyasi za bustani huku karibu na bahari. Mvua ilinyesha siku mbili. Ijumaa, siku ya mapumziko, tukatoka kambini kutembea bila kumwambia msimamizi. Kwenye nyasi zinazomwagiliwa tukakuta uyoga mweupe, mpana kama sahani. Josphat akacheka, "Shemeji, kumbe hata huku nyama inaota." Akaniuliza kama naujua. Nikamjibu kwamba mama yangu anajua kila kichuguu kinachoota uyoga pale Butere, sasa yeye ananiuliza nini.

Niliupika kwa nyanya na vitunguu. Mimi nilikuwa nimeshiba mkate, nikaonja kijiko kimoja. Yeye alifuta sufuria. Baada ya masaa mawili alianza kutapika, mpaka akashindwa kusimama, nikampeleka hospitali.

Nilikwambia ni kuku wa hotelini. Hata daktari nilimwambia hivyo, kwa kuogopa kwamba kafili, yule mwajiri aliyetudhamini, akijua tulitoka bila ruhusa atafuta ikama zetu, vibali vya kuishi huku. Josphat naye, midomo imekauka, aliitikia kwamba ni kuku, ili kunilinda. Siku mbili walimtibu ugonjwa ambao hakuwa nao, naye akizidi kuishiwa maji.

Jana niliutoa uyoga mmoja uliobaki kwenye friji. Nikaugeuza. Chini ulikuwa wa kijani. Niliupeleka kwa daktari nikamweleza yote. Hakunigombeza, alisema tu kwamba ningesema mapema mtu huyu asingeteseka hivi. Leo Josphat amekunywa uji, na daktari anasema atapona. Msimamizi ameniita kesho, sijui kama nitabaki.

Unakumbuka mama alivyogeuza kila uyoga kukagua rangi ya chini kabla ya kuutia kikapuni? Nawe uligeuza pamoja naye. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu. Josphat aliponiuliza, niliona aibu kulisema hilo.

Nisamehe, dada. Wasalimie watoto na majirani wote. Mama mwambie mimi ni mzima. Hili la kutougeuza niachie nimwambie mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako,
Alvin