Maji ya Tumboni mwa Meli

Jumatatu, 3 Machi

Nimepaka grisi pampu zote mbili. Rozari ilikuwa mfukoni, grisi imefika hadi msalabani. Mungu anaijua kazi yangu, hatachukia.

Tumefunga gatini Mwanza asubuhi. Tumerudi kutoka ng'ambo ya ziwa bila mzigo. Meli ikiwa tupu tunaijaza maji tumboni, kwenye matangi, isije ikalala ubavu. Balasti, wanaita. Tukifika hapa nayamwaga palepale gatini, ndipo saruji ipakiwe. Miaka yote kazi yangu ndiyo hiyo.

Leo nimezuiwa. Mkaguzi mpya, Bi Zuhura. Rika la binti yangu Shija, mfupi, hijabu ya bluu. Kaomba ndoo moja ya maji ya tangi, kayamimina juu ya kitambaa cheupe kama anachuja chai. Vimebaki vijipande vya jani lenye manyoya. Gugu geni, anasema, limejaa kule tulikotoka. Kipande kama ukucha kinatosha kuzaa na kuziba mwalo mzima wa wavuvi.

Amri yake: hapa lisimwagwe hata tone. Turudi katikati ya ziwa, tumwage huko, tujaze maji ya huko. Mawimbi ya kule yatalichana gugu, halitapata pa kutulia. Na chujio la pampu limetoboka, lishonwe jipya la waya mwembamba.

Nimekasirika. Niseme ukweli, nimeogopa.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi haukuja. Nimemuwaza dada Kabula. Meli ya abiria ililala ubavu, yeye akiwa ndani, na nguo za harusi yake kwenye begi. Tangu siku ile kwangu maji ya tumboni ndiyo uhai wa meli. Leo wananiambia niyatoe ziwani, hakuna nchi kavu karibu. Ni kama kumwambia mtu atoe utumbo auoshe halafu aurudishe.

Nimemwambia Kapteni Masalu mbele ya wote kwamba koki sifungui, atafute mwingine. Kapteni hakunilazimisha. Tunajuana miaka mingi, na Kabula alimfahamu.

Bi Zuhura kasikia. Nilitegemea anitishe na sheria. Kaja mpaka nilipokaa. "Shikamoo baba." Nikaitika. Kauliza dada alikuwa na jina gani. Nikamtajia. Kalirudia polepole, kamwombea rehema kwa dini yake. Kisha: "Tunatoa tangi moja, tunalijaza, ndipo tunagusa la pili. Siyo yote kwa pamoja. Na mimi nakuja na nyinyi. Kuogelea sijui."

Mpishi wetu Deo hawezi kukaa kimya. "Basi dada, tukizama utatukagua kulekule chini."

"Na wewe utapika nini huko, mpishi, samaki wasioiva?"

Hata mimi nimecheka. Lakini moyo haujatulia. Nimelichomelea chujio jipya mwenyewe, nimeshona waya mara mbili.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Misa ya alfajiri, nimepakwa majivu, nimekimbia gatini. Nimefunga. Bi Zuhura naye amefunga, wao wako kwenye Ramadhani. Wawili tusiokula kwenye meli moja, Deo anasema tumemkosesha kazi.

Tulipopita pale meli ya Kabula ilipozama nilivua kofia kama siku zote. Bi Zuhura hakuuliza. Naye alisimama.

Tangi la kwanza nilitoa na kujaza. Meli ilinyanyuka upande kidogo, ikarudi. Nikasema asante Yesu.

Tangi la pili lilifika nusu, upepo ukaja. Si wa kawaida. Mvua nyeusi kutoka visiwani. Maji ya nusu tangi yakaanza kukimbia huku na huku, nikayasikia yakigonga chuma. Meli ikalala, ikachelewa kuinuka. Niliijua sauti ile bila kuwahi kuisikia.

Tajiri, mwenye meli, alikuwa kwenye simu na Kapteni. Malizeni haraka, malori ya saruji yanasubiri. Nikamtazama Bi Zuhura. Niliamini atasema malizeni. Mtu wa sheria ni mtu wa sheria.

Alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili, uso umekauka. "Jaza, baba. Jaza ufunge. Leo basi."

Nilijaza. Ilichukua muda mrefu kuliko sala zangu zote. Meli ikasimama.

Tumetia nanga nyuma ya kisiwa. Balasti ya matangi mengine bado chafu, kwa hiyo hatuingii gatini kumwaga. Jua lilipozama Bi Zuhura kafungua kwa tende, akanigawia. Deo akaleta uji. Bi Zuhura ananiambia amri yenyewe ndivyo inavyosema: watu kwanza, hali ya hewa ikikataa, acheni. Nimekaa na fikra mbaya juu yake siku mbili nzima. Bwana anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Nanga. Mawimbi. Mvua.

Tajiri kampigia Bi Zuhura moja kwa moja. Kelele tumezisikia hadi jikoni. Hasara, wakubwa wako, nitakushtaki. Yeye anajibu tu ndiyo mzee, sawa mzee. Mwishoni akamwambia, "Ukinishtaki waeleze pia kwamba vijana wako wote wako hai." Akakata.

Kisha akaenda nyuma ya meli peke yake. Nilimwona akifuta macho. Sikumfuata. Nilimpelekea koti langu la mvua, nikaondoka.

Najiuliza, ningekuwa yeye, ningeweza? Nadhani nisingeweza.

Ijumaa, 7 Machi

Ziwa limelala. Kapteni kaniuliza kama amwite mwingine kwenye koki. Nimekataa. Nimefungua mimi.

Tangi la pili tena. La tatu. La nne. Moja moja, kama kubadilisha mgonjwa shuka bila kumwamsha. Kabla ya kila tangi nilitaja jina la Kabula.

La mwisho Bi Zuhura kachuja ndoo yake. Kitambaa kimebaki cheupe. Kanipa nikishike. Machozi yalinitoka, nikasingizia dizeli.

Jioni nimemwaga balasti gatini kwa ruhusa yake, saruji imeanza kupakiwa. Tajiri hajampigia kumshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Misa asubuhi. Nimemweka Zuhura kwenye nia zangu, jirani na Kabula. Mungu atajua kuwapanga.

Mchana mimi na Mama Shija tumepanda basi stendi ya Buzuruga, tumeenda Magu kumwona mama. Ziwa tulivu. Wanawake wanachota maji mwaloni, mmoja anaosha sufuria. Nakumbuka miaka ya magugu maji mama akikata njia kwa panga ndipo apate ndoo moja. Mitumbwi ilioza imekaa. Nyoka waliingia hadi jikoni.

Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya melini. Kabla sijashuka ziwani nilivivua, nikavikung'uta juu kwenye mchanga mkavu, mbali na maji.

Mama akauliza nimekanyaga nini.

Nikamwambia sijui, ndiyo maana nakung'uta. Akanitazama, akavua na vya kwake.