Soksi ya Betri Mguuni mwa Hawachoki

Jumatatu, 11 Februari 2002
Asubuhi tena, umande mpaka magotini. Soksi yangu kuukuu, ndani betri moja ya redio iliyokwisha. Nimeifunga kwenye mguu wa nyuma wa mbwa Hawachoki, juu kidogo ya wayo. Tukatembea polepole dakika tano, nikafungua. Uzito unamlazimisha aunyanyue mguu na kuukanyagia. Waya wa mtego ulimkata Desemba. Kidonda kimepona, paja limekonda kama ufito.

Mwenye mbwa, Bi Somoe, husimama mbali. Mjane, mtu wa swala tano. Mbwa kwake ni wa shambani tu. Akimlamba, aoshe mara saba, moja kwa udongo, na kisima kiko mbali. Kwa hiyo kila siku ni mimi, bwana mifugo. Nimechoka.

Alhamisi, 14 Februari
Mto umejaa. Gari la Nachingwea haliji. Mwaka wa tatu nasubiri barua ya uhamisho nirudi kwetu Tukuyu. Kijiji hiki cha Kilimarondo kimenimeza.

Mwaka jana nyani walimaliza mahindi ya Bi Somoe, akaishi kwa ming'oko, viazi mwitu vya kuchimba porini. Mwaka huu yameanza kubeba. Bila mbwa wa kukimbia, ni ming'oko tena. Ananikumbusha kila siku, utadhani nyani ni wa kwangu.

Jumanne, 19 Februari
Homa. Kichwa kinapasuka. Nimempelekea Bi Somoe soksi na maelezo: avae mifuko ya nailoni mikononi, amfunge mbwa asubuhi, amtembeze. Ameitikia.

Ijumaa, 22 Februari
Nimejikokota shambani. Mguu umevimba, ngozi imechubuka. Soksi haijafunguliwa tangu Jumanne! Na ameongeza betri mbili za kwake. Nimemfokea mama wa watu.

"Si ulisema nimfunge, bwana mifugo? Mbuzi mzururaji tunamfunga gogo, hatufungui mpaka atulie. Nikajua na hii ndiyo hivyo hivyo."

Kosa langu. Sikumwambia afungue. Niliona ni jambo la wazi, kumbe wazi kwangu tu. Nina hasira, nyingi ni za kujikasirikia. Siku kumi bila uzito. Mahindi hayatatusubiri.

Jumatatu, 4 Machi
Uvimbe umekwisha. Tumeanza upya, betri moja. Namchukia huyu mbwa. Nachukia kwamba nikiamka namuwaza yeye kwanza. Mvua. Gari hakuna.

Jumatano, 13 Machi
Betri mbili, kupanda na kushuka kichuguu. Paja linaanza kujaa. Nyani wameonekana ukingoni mwa msitu. Bi Somoe anashinda akigonga debe na kupiga kelele kuwafukuza, sauti imemkauka.

Leo aliishika kamba mwenyewe, mkono mtupu, sikumwomba. Mbwa akamlamba. Akamaliza mzunguko kwanza, ndipo akaenda kisimani. Nikajifanya natazama msitu. Niliogopa kuharibu.

Jumapili, 24 Machi
Saa moja asubuhi nyani wameingia. Wengi. Hawachoki akatoka bila soksi, bila kamba. Akachechemea hatua tatu nne, kisha nikaona miguu yote minne chini. Aliwakimbiza mpaka ndani ya msitu. Kimya. Nilijua wamemrarua.

Karudi. Sikio limechanika, mguu mzima. Yamevunjwa mabua machache tu. Bi Somoe akakaa chini kwenye matope akalia. Na mimi nikalia, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 30 Machi
Mto umepungua, gari limekuja. Barua za walimu zimo, za mganga zimo. Yangu haimo.

Alfajiri niliamka, nikavaa viatu, ndipo nikakumbuka hakuna mguu wa kufunga. Nikakaa kitandani na viatu vyangu mpaka jua likatoka. Upweke mtupu.

Mchana Bi Somoe kaniletea mahindi mabichi manne. Kasema nikiitwa kwetu nisiondoke bila kuaga. Nikasema sawa, mama. Nimeyachoma, nimekula yote.