Sitamsuka Tena Twende Kilioni

Mwanangu Atupele,

Mimi hapa mama yako. Kuandika sijui, unajua mwenyewe, kwa hiyo anayeandika ni mama Zuhura, jirani yako yule wa vitenge aliyetoka Tanga. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata nikikohoa. Anasema kukohoa hakuandikwi. Haya. Anasema pia nisirukeruke, nianze na jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni nywele za mwanao.

Lakini kwanza nikwambie, maana hukuwepo. Tulipokwisha kukuzika kule nyumbani Mbebe, nilishuka huku Tunduma. Niko kwenye chumba chako, nalalia kitanda chako, maharage yangu nimemwachia mdogo wako avune, na najua atayavuna mabichi, yule hana subira tangu nimemzaa. Mume wako yuko safarini na lori. Akirudi kutoka Kongo anakaa siku mbili, anaondoka tena. Basi Tusekile yuko na mimi. Anakula, anaenda chekechea, anajua kuhesabu kuliko mimi. Ila kichwa.

Unakumbuka zile rasta ndogondogo za dukani ulizomsuka wiki ile kabla hujalazwa? Mlikaa hapa mlangoni, yeye katikati ya magoti yako, anakula karanga, ukamwambia, "Hizi zitakaa mwezi mzima." Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ulipoingia, nywele zilikuwa zimeota kwa chini zikajifunga, na rasta zinaning'inia huko juu kama kamba za nguo. Nilikuwa nikishika chanuo tu, anakamata kichwa kwa mikono yote miwili.

"Amesuka mama."

Basi. Neno ni hilo hilo moja. Nilijaribu na pipi, nilijaribu na ukali. "Amesuka mama." Sasa hapo unamjibu nini?

Wifi yako akaja Jumatatu moja. Simsemi vibaya, sabuni analeta, unga analeta. Akamwangalia mtoto, akasema, "Mama, kichwa hiki kinanuka. Jumamosi nakuja nampeleka kinyozi, mashine dakika mbili, kipara. Na kwetu msiba ukiisha watu wananyoa."

Nikamwambia, "Umeishia kwako huo msiba. Humu ndani bado."

Akachukua mkoba wake, lakini Jumamosi yake haikubadilika. Na ningekubali, Atu, nywele si zinaota? Lakini mtoto alisikia neno mashine, na uji wake wa jioni hakuugusa. Nikaona, hapa akishikwa kwa nguvu na watu wazima wawili, akanyolewa kitu cha mwisho mama yake alichomwekea mwilini, huyu hatatusamehe. Nikaapa: atazifumua mwenyewe kwa ridhaa yake, au hazifumuliwi.

Sasa na mimi nikakosea. Alhamisi nikatoa mafuta, nikatoa chanuo na uzi mweusi, nikaweka sauti ya asali. "Njoo mjukuu wangu, nikufumue, halafu nikusuke twende kilioni, chapchap."

Unaijua twende kilioni. Mistari minne mikubwa mpaka kisogoni, ile tunayosukana haraka simu ikipigwa kwamba fulani hatunaye na kichwa hakijatengenezwa. Mimi mtindo ninaoujua ni huo. Nimekusuka huo utoto wako wote. Umeenda nao shule, umeenda nao kisimani, umeenda nao Krismasi, wala hapakuwa na kilio popote. Mdomo umezoea.

Mtoto akasimama. Akaniuliza, "Bibi, nani amekufa tena?"

Mwanangu. Chanuo nikaliweka chini.

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa tunaenda kilioni kwa nani?"

Papo hapo alikuwa uvunguni mwa kitanda, na mimi na magoti haya huko siingii. Nikakaa sakafuni. Miaka sitini nasema neno hilo, sijawahi kusikia ninasema nini. Mtoto wa miaka mitano ndiye amenisikilizisha.

Ndipo nikaanza kuongea, si unajua nikianza. Nikamsimulia kitanda, maana yeye simwoni. Nikamwambia kwamba wewe ulipokuwa na miaka saba nilikutuma shambani ukafukuze ndege, nikaenda kukuangalia nikakuta umesuka mahindi. Mstari mzima! Zile nywele nyekundu za mahindi, kila hindi na mtindo wake. Hili bibi harusi. Hili mwalimu mkuu, upara katikati. Hili limeamka sasa hivi halijanawa. Nikakugombeza, ukaniambia, "Mama, ndege wameogopa, wamedhani ni watu." Na kweli hawakula. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tuta. Hilo la kucheka sikukwambia siku ile. Nakwambia leo.

Uvunguni miguu ikasogea. Halafu sauti: "Alisuka na lori?"

"Lori kwenye mahindi?"

"Bibi, wewe unajua kusuka lori?"

Atu, mlangoni kwako hapa tangu asubuhi mpaka jioni ni malori tu, yanasubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Mtoto ndio ng'ombe wake hao, anawajua kwa rangi. Nikasema, "Najua sana." Uongo mtupu.

Ijumaa, yeye yuko chekechea, nikamwita mama Zuhura nijifunzie kichwani kwake. Aandike hilo pia, asiruke. Tukafunga mlango, akatoa mtandio, nikamfunga butu dogo la nywele utosini, hicho ni kichwa cha lori, na butu refu nyuma yake, hilo ni tela. Vizibo vya soda nikatoboa kwa msumari, nikavishona kwa uzi pembeni, vinne huku, vinne kule. Magurudumu. La kwanza likapinda.

Akajitazama kwenye kioo. "Bibi, hili limepinduka kwenye mteremko wa Mlima Nyoka."

"Tulia, nalinyanyua."

"Mume wangu akiingia sasa hivi ataniuliza nimebeba mzigo gani!"

Lakini la tatu likasimama. Mama huyu aliketi masaa mawili na vizibo kichwani kwa ajili ya mtoto asiyemzaa. Mwombee, huko uliko.

Basi Jumamosi asubuhi nikamweka Tusekile mlangoni. Nikamwambia, lori nalijua, ila tatizo langu moja, sina kamba. Lori lenye mzigo halifungwi kamba? Akasema linafungwa, na turubai. Nikamwambia kamba nzuri ninayoiona ni hizo rasta za mama yako, ni ngumu, hazikatiki. Lakini zikiwa zimesukwa hapo haziwezi kufunga mzigo. Nikanyamaza. Unajua kwangu kunyamaza ni kazi.

Akafikiri, anatazama barabara. Halafu akashika rasta moja ya mbele, akainyoosha, akanipa ncha.

"Fumua hii. Lakini usiitupe."

"Sitaitupa."

Tulifumua moja moja. Kila ikitoka anaipokea, anaipanga kwenye paja. Aliumia, maana zilikuwa zimekazana, akalia. Alilia kweli, si kwa nywele tu, na mimi nikamwacha alie, sikumwambia nyamaza. Mafuta nikaweka mengi, nikachana toka nchani kuja chini. Nikamwosha. Halafu butu dogo, butu refu, vizibo vinane, na zile rasta zako nikazivutia juu ya tela huku na huku, nikakaza fundo. Ni lori zima, mwanangu. Hata tope angetaka ningepaka.

Wifi yako akafika na mkoba wake. Mtoto yuko katikati ya njia, kifua mbele.

"Shangazi, pisha. Nina mzigo wa Kongo."

Akanitazama mimi. "Mama, na kanisani kesho ataenda hivi?"

"Ataenda hivi."

"Na chekechea?"

"Mwalimu akikataa aniite mimi. Na baba yake akitaka kunyoa mtu, aanze na kichwa changu."

Alizunguka nyuma ya mtoto, akainama, nikajua sasa anatafuta la kusema. Akasema, "Taa za nyuma hakuna. Trafiki wataandika." Akachomoa vibanio viwili vyekundu kwenye nywele zake mwenyewe, akavibana kisogoni. Kisha akakaa chini nikampa chai, na hatukusema habari ya mashine.

Jumamosi iliyofuata tukasuka kuku na vifaranga, butu moja katikati na vidogo sita vinamfuata. Iliyofuata, bomba linamwaga maji, kopo la mtindi limetobolewa tako, nywele zinapita humo na kumwagika kwa juu kama maji. Rasta zako tunazisukia humo kila mara, na siku hazina kazi zinakaa kwenye mkoba wake wa shule, ndivyo anavyotaka. Mama wa Kizambia aliyekuwa mteja wako wa kusuka alipita, akashika mdomo, "Mukwai, tafadhali bibi, na wangu nimlete?" Nikamwambia mlete, lakini jina la mtindo aseme mtoto mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria hapa mlangoni. Neno lile la kilioni nimelifungia nje. Hata msiba ukija, na utakuja, mimi nina miaka yangu, nitasuka mistari minne na nitaiita mistari minne.

Jana akaniambia, "Bibi, wewe nani anakusuka?"

Nikasema hakuna.

"Kaa."

Nikakaa katikati ya magoti madogo kama ya mbuzi, na mvi hizi zilivyo chache, akavuta, akafunga, akavuta. "Usitingishike, bibi." Akaniletea kioo. Pembe mbili zimesimama, moja inatazama nyumbani Ileje, moja inatazama Zambia. Akasema mimi ni ng'ombe, ng'ombe mzuri.

Leo asubuhi nikashika kitambaa nifunge kichwa niende ibadani. Nikamwona anatazama mkono wangu. Nikakirudisha kitambaa kwenye sanduku, nikamshika mkono, tukaenda, tukakaa benchi la mbele.

Lala, mwanangu. Mtoto wako kichwa chake ni safi.

Mama yako uliyemwachia.