Kiti Hukumpa Mtu: Tunamkumbuka Mkufunzi Gaudensi

Mwaka umetimia, Baba Sabina, tangu ulipotutoka tarehe 12 Machi, 1974, na hapa Magomeni ya huku kusini mkono wangu bado unamimina chai yako isiyo na sukari.

Chuoni ulikuwa mkufunzi wa hesabu, lakini wengi wanakukumbuka kwa baiskeli. Mwanachuo akikosekana darasani siku mbili, ya tatu umefika kwao. Nami nilinung'unika, maana chakula kilipoa. Nisamehe.

Safari ya Kilambo, kule karibu na mto Ruvuma, ndiyo tunayoisimulia zaidi. Laurinda, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, aliacha chuo wakati wa mazoezi ya kufundisha kwa sababu watoto walicheka Kiswahili chake. Ulimkuta shambani akipalilia na mama yake. Hukutaja chuo. Uliomba jembe, na wewe uliyekulia kwenye migomba ya Bukoba ukautifua mstari mzima wa ufuta ukidhani ni magugu.

"Mwalimu, unatumalizia ufuta!" Laurinda akapiga kelele.

"Basi nifundishe."

Akakuonyesha jani kwa jani mpaka ukaelewa. Ulipoaga ukamwambia, "Leo umefundisha, tena mwanafunzi mgumu. Kiti chako sijampa mtu." Jumatatu alikuwa darasani.

Ulipofariki, Sabina wetu, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni hapohapo, alikataa kurudi. Alisema hawezi kupita mbele ya darasa lako. Nilimsihi, nikamfokea, nikalia. Mwezi ukapita, na wa pili.

Ndipo akaja Laurinda, siku hizi mwalimu wa shule ya msingi. Hakutaja chuo. Aliomba kisu, akakaa na Sabina kumenya muhogo hadi kapu likaisha, wakicheka ule ufuta wako. Alipoinuka akasema, "Nimepitia chuoni, mdogo wangu. Kiti chako hawajampa mtu."

Sabina alirudi. Wiki hii ameanza mazoezi ya kufundisha, na asubuhi ya kwanza alitoka na baiskeli yako. Nilisimama mlangoni nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Yustina, wanao Sabina na Elia, dada yako Agnes aliyeko Bukoba, na Laurinda, ambaye tunamhesabu mtoto wako.

Mezani kwetu, Baba Sabina, kiti chako hatujampa mtu.