Maji Kwenye Figo la Karani

Jumamosi, Julai 1988. Mtaa wa Jericho. Baridi na mawingu tangu asubuhi, na sina hamu hata ya kusoma.

Karani hakuwa mgonjwa. Ninaliandika hilo kwanza.

Alikuwa paka mzee tu, ameanza kuota mvi mdomoni. Tulimwita Karani kwa jinsi alivyokaa wima kama Baba ofisini. Mjomba Mutua ni dereva wa chuo cha madaktari wa mifugo. Mwezi jana alituambia chuo kimepata mashine inayopiga picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, na daktari anatafuta paka mzee mwenye afya wa kuwaonyesha wanafunzi.

Mwenye afya. Nilimpeleka mwenyewe, nikijivuna.

Kwenye figo la kushoto kikaonekana kiduara cheusi. Daktari alinieleza polepole: ni kifuko cha maji, paka wengi wa umri huo wanavyo, na asingepimwa hakuna ambaye angejua. Nimwangalie anavyokula, anavyokunywa maji, kama anakonda. Vinginevyo tumwache.

Nyumbani nilisema yote hayo. Mama alisikia "tumboni" tu.

"Kama nyanya yako?" akauliza.

Nyanya alivimba tumbo akafia humu ndani, Mama akimwosha kila siku. Ingetosha kujibu kwamba si kama Nyanya hata kidogo. Mimi nikaanza kueleza kazi ya figo.

Tangu hapo Karani akilala, ni ugonjwa. Akitapika nywele, ni ugonjwa. Mama akaacha kumshika. Jana alimwomba Mjomba ampeleke akadungwe sindano ya kumuua, kwani hawezi tena kuangalia kitu kikimfia mikononi. Nilisema hapana, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Leo asubuhi Karani alimaliza visamaki vyake vyote vya omena, kisha Mjomba akamtia kwenye katoni.

Jioni Mjomba amerudi na katoni tupu, akanivuta mlangoni. Daktari yule hakuwepo. Mwingine ndiye aliyemdunga, kisha wanafunzi wakampasua wajifunze.

"Yalikuwa maji, msomi wangu," amesema. "Safi kama ya mfereji wa jikoni."

Mama akauliza kutoka jikoni walisema nini. Mjomba akanitazama mimi.

Mchana kutwa nilikuwa nimepanga maneno ya kumwumiza Mama. Nikaingia jikoni. Alikuwa ameshika sahani ya Karani, hajui aiweke wapi.

"Hawakusema kitu, Mama."

Kesho kanisani nitakaa karibu naye kama kawaida. Nitaweza kunyamaza mpaka lini?