Matanga ya Hadija, Njiani Uluguru

Jumapili, 18 Agosti 1935
Kariakoo

Kipupwe hakijaisha. Upepo wa kusi unavuma tangu asubuhi, na vumbi la sokoni limeingia mpaka kwenye wino. Tumerudi leo adhuhuri. Mgongo unaniuma, mikono ina malengelenge. Naandika sasa baada ya alasiri, kwa mpangilio, maana nikiyaacha mpaka kesho nitaanza kuyapamba.

Wazo la safari lilikuwa la mke wangu, Zuhura. Nilipokuwa nasoma Tabora nilikuwa nikipita kwa treni chini ya milima ya Uluguru kila likizo, na tangu tuoane nimekuwa nikimsimulia. Sasa ana mimba ya miezi mitano. Akasema anataka kuiona kwa macho yake kabla hajawa mzito. Bwana Salum, Mwarabu mwenye duka ninakofanya ukarani, hupeleka chumvi na papa mkavu milimani kwa lori lake, likarudi na viazi na kabichi. Alituruhusu tupande mbele na dereva.

Siku ya kuondoka, jirani yetu Bi Mwajuma alitusindikiza mpaka nyuma ya soko, lori likipakiwa.

"Nendeni wanangu," akasema, "tembeeni kabla hamjawa wazazi. Mkishazaa, safari yenu itakuwa ya jikoni na kisimani."

Watu wakacheka. Zuhura hakucheka.

Tulishakuwa wazazi. Binti yetu Hadija aliishi mpaka akaweza kukaa peke yake bila kushikwa, kisha homa ikamchukua, mwaka juzi wakati wa masika. Nilimpeleka makaburini mwenyewe, mikononi, kwa kuwa mtoto mchanga habebwi kwa jeneza mabegani. Niliporudi, mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Mama yangu, mwenye nyumba tunamokaa, alisema mtoto mdogo hawekewi matanga. Ni ndege wa peponi, tusimlilie. Alisema kwa huruma. Lakini Zuhura, ambaye uani kote alikuwa Mama Hadija, kufikia Ijumaa iliyofuata alikuwa Zuhura tena.

Na tangu mimba hii ionekane, Mama amekataza jina lile lisitajwe ndani ya nyumba. Anaamini kwamba aliyekwenda akiitwa, naye humwita mwenzake.

Mimi nimesoma. Siamini mambo hayo.

Lakini nami nilikuwa silitaji.

Dereva anaitwa Masanja, Mnyamwezi, mtu mzima mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Sisi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu tangu enzi za misafara ya babu zetu. Ana ruhusa ya kututukana, nasi tuna ruhusa ya kumtukana, na hakuna kukasirika. Hakutupumzisha tangu Pugu.

Tulilala Morogoro, asubuhi tukaanza kupanda. Barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Penye mwinuko mkali kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma na gogo, niliweke chini ya gurudumu kila injini ilipochoka.

"Karani!" Masanja alipiga kelele dirishani. "Leo umepata kazi yenye jasho! Usitafute mnazi wa kushikilia, huku hauoti!"

"Endesha wewe!" nikamjibu nikihema. "Babu yako alibeba pembe za ndovu kichwani mpaka pwani. Wewe umepewa gari, na chumvi bado inakushinda!"

Nilimsikia Zuhura akicheka mle ndani. Kilikuwa kicheko chenyewe hasa, cha tumboni, na nikasahau kuweka gogo mpaka Masanja akanitukana tena.

Huko juu tukasimama penye kijito ili injini ipewe maji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Zuhura alisimama kando ya barabara amejifunga kanga mbili na koti langu, akitazama bonde. Masanja alikuwa anamimina maji kwa debe.

"Shemeji," akasema, "huyo tumboni nimeshamteka. Akiwa wa kiume ni Masanja. Akiwa wa kike ni Masanja vilevile. Kifungua mimba cha Mzaramo ni mali ya mtani."

"Umechelewa," Zuhura akamjibu. "Kifungua mimba wangu anaitwa Hadija."

"Mbona hamkuja naye?"

"Tulimzika."

Masanja akaweka debe chini. Nilidhani ataomba radhi kama watu wote, kisha atageuza maneno yawe ya barabara. Badala yake uso wake ukakunjamana kwa hasira.

"Lini? Mbona sikuitwa? Dar es Salaam imejaa Wanyamwezi, ninyi mnazika mtoto bila mtani hata mmoja? Nani aliwachekesha? Nani alizuia kaburi?"

"Hakukuwa na matanga," nikasema. "Alikuwa mdogo."

"Mdogo kwako, karani. Mimi ni mtani wake."

Akaenda mbele ya lori lake mwenyewe, akalala chali kwenye tope, akakunja mikono kifuani kama maiti.

"Gari haliendi!" akalia. "Hadija binti karani kanidhulumu! Kaondoka hata hajaniaga! Kaondoka hajaota hata jino moja la kunitafuna! Mtoto wa Kizaramo huyo, mvivu mpaka wa kuota meno!"

Nilitaka kumnyanyua kwa ukosi wa shati. Nilikuwa nimeshapiga hatua.

"Alikuwa nayo!" Zuhura alipaza sauti. "Alikuwa nayo mawili, ya chini!"

"Mwongo! Alimng'ata nani?"

"Alining'ata mimi!"

"Alikung'ata wapi?"

"Ziwani, wewe mwendawazimu!"

"Basi nimekosa, Mama Hadija! Huyo alikuwa mtani kamili!"

Zuhura akacheka, na kicheko kikageuka katikati. Alikaa kwenye ngazi ya lori akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanawake wanavyolia msibani. Nyumbani alikuwa akilia usiku na pembe ya kanga mdomoni. Nikakaa karibu naye. Nami nililia. Masanja hakuinuka, aliendelea kumtukana Hadija polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza. Waluguru wawili waliokuwa wakishuka na matenga ya kabichi walisimama, wakatazama, wakaelewa. Wakatua mizigo yao, wakachuchumaa kando ya njia mpaka kilio kilipokwisha.

Watu watano na kijito. Ndiyo yalikuwa matanga ya binti yangu.

Mtani hainuki bila haki yake. Masanja alichukua tarbushi yangu, akaivaa, akaendesha nayo mpaka Kariakoo. Hairudi, na siidai.

Leo asubuhi, tulipokaribia Ruvu, Zuhura aliniuliza, "Bwana, nyumbani utaniitaje?"

Nikasema nitamwita kama Masanja alivyomwita.

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Ruvu.

Tulipoingia uani, Mama alikuwa anapepeta mchele. Bi Mwajuma alikuwepo, na wapangaji wawili wakifua.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba wanangu. Zuhura, karibu. Mbona umekonda hivyo?"

Nilifikiria Desemba. Mtoto huyu akipatwa na jambo lolote, Mungu apishe mbali, itasemwa ni ulimi wangu. Na mimi niliyesoma mpaka Tabora nilijikuta pale uani nikiogopa kama wao. Kumbe kutoamini kwangu kulikuwa hakujajaribiwa.

"Mama Hadija amechoka," nikasema. "Tumwache akapumzike."

Ungo ukasimama mikononi mwa Mama. Zuhura hakunitazama, alipita katikati yao taratibu, akaingia chumbani. Mpaka sasa amelala, usingizi mzito, hata mlango hakuufunga.

Mama hajanisemesha tangu wakati huo. Chakula changu alikileta Bi Mwajuma, akaninong'oneza, "Umemtonesha mama yako."

Nilidhani anasema juu ya ubishi wangu. Nimekaa na neno hilo mpaka sasa, na ndipo nimekumbuka jambo ambalo nimelijua tangu utotoni bila kulitazama. Mama alizaa wawili kabla yangu. Hawakuishi. Watu wote humwita kwa jina langu, naye huitika, na mimi sijawahi kusikia majina yao.

Kesho asubuhi nitakwenda kumpa shikamoo. Akiniitikia, nitakaa chini nimwulize waliitwa nani.