Kaka Yangu Anataka Kununua Bunduki kwa Jina la Mwanangu

Bi Sundus, assalaam alaykum. Nakusikiliza redioni miaka mingi na sikufikiri siku moja nitakuandikia mwenyewe, lakini kazini wamenirudisha nyumbani baada ya kumtilia chumvi kwenye chai mzee ninayemhudumia, basi nisaidie, mwenzio nimechanganyikiwa.

Kaka yangu Vuai yuko Amerika, jimbo la Indiana, na mwanangu Harith ameoa huko huko, anaishi jimbo la jirani, Ohio, ana makaratasi yake yote. Mwezi uliopita Vuai alinipigia akasema kuna kitu anataka Harith amnunulie dukani Ohio kwa jina lake Harith, kwa sababu yeye ni mtu wa Indiana na huko hawamuuzii wa jimbo jengine, nami bila hata kuuliza ni kitu gani nikamwambia mwanangu usimnyime mjomba wako jina, maana sisi tuliokuja London miaka ile ndivyo tulivyoishi, nyumba yangu ya kwanza Walthamstow niliipanga kwa jina la shoga yangu, na simu ya marehemu mume wangu ilikuwa kwa jina la jirani, na hakuna aliyeona ajabu. Juzi niko sokoni nachagua bamia, Harith ananipigia simu, ananiambia Jumamosi anakwenda kuichukua. Kuichukua nini? "Bunduki, Mama. Ile ndefu, ya kuwindia. Ni fomu tu ya kusaini." Bamia zote zikanimwagika. Vuai huyu hata kuku alikuwa hathubutu kumchinja.

Nilipompigia alicheka, akasema Amerika kila mtu anawinda kulungu, nisimletee woga wa London. Nami namwonea huruma, hana raha, mkewe Nusra alimkimbia na watoto akahamia Ohio kwa dada yake, tena mahakama ikamkataza Vuai asimsogelee, labda kuwinda kutamliwaza. Ila roho yangu inakataa. Nikimzuia Harith, Vuai atasema nimemdhalilisha, na sina ndugu mwengine. Nifanye nini?

Mama Harith, Walthamstow

*

Mama Harith, majina nimeyabadilisha lakini wewe unajijua. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma nimesimama. Pole sana. Sasa nitakugombeza.

Jina la kupangia nyumba na jina la kununulia bunduki si kitu kimoja. Fomu ile inamuuliza mwanao kama yeye ndiye mnunuzi hasa. Akijibu ndiyo, naye anamnunulia mjomba wake, amedanganya mbele ya sheria ya Amerika, na hilo ni kosa la jela. Akimkabidhi mtu wa jimbo jingine mkono kwa mkono, hilo ni kosa la pili. Wewe uliyemzaa ndiye uliyemwambia asikatae.

Kaa chini sasa. Nimemuuliza wakili anayezijua sheria za kule. Bastola ndiyo huwezi kuinunua nje ya jimbo lako ukaondoka nayo. Bunduki ndefu, mtu wa Indiana anaweza kuinunua Ohio mwenyewe, katika duka lenye leseni, mradi sheria za majimbo yote mawili zimruhusu na jina lake likichunguzwa litoke safi. Basi kaka yako amekudanganya. Kinachomzuia si jimbo. Mtu aliyewekewa amri ya mahakama kama hiyo uliyoitaja, mara nyingi sheria inamkataza hata kuishika silaha.

Habari ya Nusra umeiweka mwishoni, kana kwamba unanieleza habari za mvua. Kulungu wamejaa Indiana. Nusra yuko Ohio, na bunduki inatakiwa Ohio. Yaliyomo moyoni mwa kaka yako siyajui, na wewe pia huyajui, kwa hiyo usiyawekee dhamana.

Mpigie Harith: asiende, asisaini, na ujumbe wowote wa mjomba wake asiufute. Kisha mpigie Nusra umwambie kila kitu, naye akawaambie polisi na wakili wake leo. Vuai usimpigie kwanza. Atasema umemsaliti, na mwache aseme. Aliyenuna unaweza kumwomba radhi hata mwakani, aliyezikwa huwezi.

Leo ni Alhamisi. Nimekupigia mara tatu hupokei, ndiyo maana nakujibu hewani kabla Jumamosi haijafika. Zima redio, Mama Harith, upige simu.